Kupiga makasia kwa kijana mwenye mtindio wa ubongo na bibi yake wa miaka 66: tuanzie wapi?

UmmuZuhura (Lowell, Massachusetts) anauliza:

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Lowell, na nyumbani tuko wanne: mimi, binti yangu aliye chuoni, mwanangu wa kiume wa miaka 14, na mama yangu mzazi wa miaka 66, aliyehamia kwetu kutoka Lamu miaka miwili iliyopita. Mwanangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake ina nguvu, kiwiliwili anakimudu kwa kiasi, lakini miguu humkakamaa, na mwendo wowote unaozidi mita mia moja huwa wa kiti cha magurudumu. Mama ana magoti yanayomsumbua, ana shinikizo la damu linalotulizwa kwa vidonge, na ana ugonjwa mwingine ambao daktari hajauandika popote, nao ni kukaa ndani tangu Novemba hadi Aprili akitazama theluji dirishani.

Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa ukingoni mwa mto Merrimack, juu kidogo ya bwawa la Pawtucket, ikapita mashua ndefu nyembamba ya watu wanane. Mama aliifuata kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona, kisha akasema kwamba wale hawapigi pamoja, kwa kuwa wa tatu kutoka tezini, yaani nyuma ya mashua, anachelewa kulitia kasia majini. Mwanangu akauliza kwa nini wanakaa kinyumenyume, wakaenda wasikokuona. Bibi yake akamweleza kwamba mwenye kafi hutazama mbele, lakini mwenye kasia hutazama atokako, kwa maana kasia huvutwa kwa mgongo na miguu, na jukumu la kutazama mbele ni la mshika usukani. Tangu siku hiyo wawili hao hawana mazungumzo mengine.

Tulikwenda kwenye klabu moja, ambayo sitaitaja, iliyotangaza kwamba inapokea watu wa umri wote na wa uwezo wote. Tulikuta ngazi kumi na moja za mbao za kushukia majini, bila mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu. Kijana aliyetupokea, mwenye adabu zake nzuri tu, alituambia kwamba mwanangu angeweza kubaki juu akawapiga wenzake picha. Mwanangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Ninaomba msaada wa wenye uzoefu. Je, zipo programu za jamii ambazo kweli zinaweza kuwapokea wote wawili, hata kama si katika mashua moja? Ni lazima mtu ajue kuogelea? Mama anajua kuogelea tangu utotoni, lakini mwanangu huelea tu kwa msaada wa koti la kujiokolea. Tena kuna suala la mavazi, kwa kuwa mama hatavaa zile nguo za kubana ninazoona wanavaa wenzetu, wala sitamwomba azivae.

MakasiaMawili (Boston) anajibu:

Wa alaykum salaam, dada UmmuZuhura, na umpe mama shikamoo yangu. Mimi nilianza mchezo huu nikiwa na miaka 41, bila kumjua hata mtu mmoja anayeucheza, kwa hiyo maswali yako nayaelewa vizuri. Kwanza nikuambie kwamba mama ameona kweli. Kuchelewa kutia kasia majini ndilo kosa ambalo makocha hulipigia kelele kuliko yote, na mtu aliyelitambua kutoka ukingoni, mashua ikiwa mwendoni, hataanzia darasa la kwanza.

Kuhusu mahali, mto Charles hapa Boston una programu ya jamii ya siku nyingi. Community Rowing, Inc. ilianzishwa mwaka 1985 kwa nia ya kuwafungulia watu wa kawaida mto ambao kwa vizazi vingi ulikuwa wa vyuo vikuu na klabu za wenye uwezo. Tangu 2008 inatumia banda kubwa la mashua lililo Brighton, lililopewa jina la Harry Parker, aliyekuwa kocha wa Harvard kuanzia 1963 hadi alipofariki mwaka 2013. Humo kuna madarasa ya watu wazima wasiowahi kugusa kasia, programu za vijana, kikundi cha wanajeshi wastaafu, na programu ya watu wenye ulemavu wa mwili, wa macho na wa akili. Kwa wasiomudu ada kuna utaratibu wa kuomba msaada, nami nakusihi usione haya kuuomba. Kwenu Lowell pia kuna banda la mashua la Bellegarde, kando ya mto huohuo mliokuwa mnautazama. Ningekuwa wewe ningeanza kuuliza hapo, kwa sababu safari ya maili 30 asubuhi ya Jumamosi, ukiwa na kijana na bibi na kiti cha magurudumu, itakuchosha kabla ya kasia kugusa maji.

Sasa nije kwenye lile la ngazi kumi na moja, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha jambo. Unapopiga simu, usiulize kama wanapokea watu wenye ulemavu, maana kila klabu itakujibu ndiyo, tena kwa moyo safi. Uliza ni nani atakayemtoa mtoto kwenye kiti na kumweka ndani ya mashua, atafanya hivyo kwa njia gani, na mara ya mwisho walifanya hivyo lini. Gati la mashua hizi ni la kuelea na hujengwa chini sana, karibu ligusane na maji, ili vyuma vinavyoshika makasia viweze kupita juu yake. Kiti cha magurudumu kiko kama nusu mita juu ya gati, na kiti cha mashua kiko sambamba na gati au chini yake. Mtu hawezi kutumbukizwa kutoka kimo kile hadi kile kwa mkupuo. Niliyoyaona mimi yakifanywa vizuri yalikuwa hivi: kiti cha magurudumu kikafungwa breki, mtu akahamia kwenye kibao cha kimo cha kati, kutoka hapo akakaa kwenye mto uliotandikwa gatini, kisha akajisukuma kwa mikono yake mwenyewe hadi kitini mwa mashua, huku mmoja ameshika omo, yaani ncha ya mbele, wa pili ameshika tezi, na wa tatu akiwa nyuma yake bila kumgusa, ila kwa kuombwa. Ilichukua dakika sita. Klabu ambayo mtu wake anaweza kukusimulia hatua hizo bila kufikiri ndiyo klabu ya kwenda. Yule atakayekuambia "tutaona mkifika" mshukuru, kisha ukate simu.

Kuogelea kuna sheria tofauti tofauti. Programu nyingi hufanya mtihani wa kuogelea au wa kuelea kwa dakika kadhaa, na nyingine hukupinduza kwa makusudi katika bwawa la kuogelea ili ujue kutoka. Kwenye mashua za watu wenye ulemavu ni kawaida mpigaji kuvaa koti la kujiokolea muda wote na motaboti ya kocha kuwa karibu naye. Mwambie kocha ukweli kamili kwamba mwanao anaelea kwa msaada tu, na omba zoezi la kutoka kwenye mashua lifanyike katika bwawa lenye maji ya uvuguvugu kabla ya kwenda mtoni.

Mavazi hayana tatizo la dini wala la heshima, tatizo lake ni magurudumu. Kiti cha mashua ya mwendo hutelezea juu ya reli mbili, na nguo pana inayoning'inia nyuma huingia katika magurudumu ya kiti na kumnasa mtu katikati ya mpigo, na shati refu la mbele hukamatwa na mikono ya kasia inapofika tumboni. Mama avae suruali ya kawaida isiyoburuta, juu yake shati refu lililochomekwa au lililofungwa kiunoni, na ushungi wa kitambaa kinachovutika, ulioingizwa ndani ya kola. Nimepiga makasia na kina mama wanaovaa hivyo na hakuna aliyegeuza shingo.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini msilipuuze. Wiki ya kwanza viganja vitatoka malengelenge chini ya vidole, na kila mgeni hudhani dawa yake ni glavu. Glavu humzuia mtu asilihisi kasia. Mshiko ulegezwe, kasia livutwe kwa vidole kama unavyoshika ndoo ya maji, na baada ya mwezi ngozi itakuwa imejifunza.

MnyooshaViungo (Worcester) anajibu:

Salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa misimu mitatu nimejitolea katika kikundi cha wapigaji wenye ulemavu. Ndugu MakasiaMawili amesema vyema kuhusu gati. Nitaongeza yale yanayohusu mwili.

Katika mashindano ya kimataifa wapigaji wenye ulemavu hugawanywa katika madaraja matatu. PR1 ni wa wale wanaotegemea mabega na mikono tu, PR2 ni wa wale wanaoweza kutumia kiwiliwili na mikono lakini hawawezi kusukuma kwa miguu juu ya kiti cha kuteleza, na PR3 ni wa wale ambao miguu yao inafanya kazi kwa kiasi, pamoja na wasioona. Mchezo huu uliingia Paralimpiki mwaka 2008 mjini Beijing kwa umbali wa mita 1000, na tangu 2017 wanakwenda mita 2000 sawa na wenzao wote. Ninayataja madaraja haya kwa sababu vifaa vya programu za jamii vimetokana nayo, lakini mwanao hahitaji kupimwa daraja lolote ili acheze. Kwa maelezo uliyotoa, ningeanza kumweka kwenye kiti kisichosogea chenye egemeo la mgongo, na mkanda mmoja chini ya kifua ikiwa kiwiliwili kinamchoka upesi. Mashua ya namna hiyo huwa pana kuliko ya kawaida na hufungwa maboya mawili pembeni, moja kila upande, ambayo huizuia kulala ubavu. Kwa mashindano ya PR1, uzito wa chini wa mashua ya mtu mmoja ni kilo 24, ilhali mashua ya mtu mmoja ya kawaida huruhusiwa kuwa na kilo 14. Zile kilo 10 za ziada ndizo upana na utulivu.

Kuhusu miguu yake, kuna mambo mawili. La kwanza ni baridi: misuli yenye mtindio hukaza zaidi inapopoa, kwa hiyo msianze Aprili hata kama klabu imefungua milango. Subirini mwishoni mwa Juni, na hata hapo mchukulie soksi nzito na blanketi dogo la kumfunika magoti. La pili ni ngozi. Ikiwa kuna sehemu ya makalio au kisigino ambayo hisi yake ni pungufu, kukaa dakika arobaini juu ya kiti kigumu kunaweza kuanzisha kidonda cha mgandamizo, nawe utakiona jioni kama wekundu usiopotea unapoubonyeza. Wekeni mto, mkague kila baada ya mazoezi, na umfundishe ajikague mwenyewe kwa kioo, kwani ana miaka 14 na si mtoto wa kukaguliwa na mama.

Kwa upande wa mama, magoti yasiwatishe, kwa kuwa kasia halimbebeshi mtu uzito wake wa mwili, na wengi walioshindwa kutembea mwendo mrefu huvuta kasia bila maumivu ili mradi wasijikunje hadi mwisho wa reli. Shinikizo la damu nalo linavumilia mchezo huu ikiwa hatabana pumzi: atoe pumzi anapovuta, aingize anaporudi. Lakini kabla ya yote amwombe daktari kipimo cha uzito wa mifupa. Mtu ambaye mifupa ya uti wake imekuwa mepesi hapaswi kuinama na kuvuta kwa nguvu kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo ambalo kocha mzuri hawezi kulitambua kwa macho.

Waanzie kwenye mashine ya ndani, ile ya Concept2 ambayo iko karibu kila ukumbi wa mazoezi. Pembeni mwa gurudumu lake kuna mkono mdogo wenye namba 1 hadi 10, na kila mwanamume anayekaa hapo mara ya kwanza huusukuma hadi 10 akidhani ni kipimo cha uanaume, ilhali unaongeza tu hewa inayoingia kwenye gurudumu na kuufanya mpigo uwe mzito kama mashua iliyojaa maji. Mama aweke 3, apige mara 18 hadi 20 kwa dakika, dakika tano, apumzike, arudie. Mwanao kitaondolewa kiti cha kuteleza na kuwekwa kisichosogea, na mashine ileile itamfaa.

BahariaTudor (Mombasa) anajibu:

Nimesoma kwa makini, na naomba wadogo zangu mniwie radhi kwa kuuliza jambo ambalo pengine wengine mnalifikiri bila kulisema. Nimefanya kazi majini maisha yangu yote. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa na wazee ni kwamba chombo kikipinduka, mtu na chombo waachane upesi. Sasa mnatuambia mtoto asiyejua kuogelea afungwe mkanda kifuani ndani ya mashua. Mimi nikisikia neno kufungwa, moyo hunienda mbio.

Baada ya kusema hayo, siwezi kukataa nilichokishuhudia hapa kwetu. Asiya Mohamed Sururu, mwalimu wa hapahapa Mombasa aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, alikuwa akicheza tenisi ya kiti cha magurudumu kabla ya kuhamia kwenye makasia. Oktoba 2019 mjini Tunis alijipatia nafasi ya Paralimpiki ya Tokyo, akaenda kuiwakilisha Kenya katika mashua ya mtu mmoja ya PR1. Kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani. Ninachosema ni kwamba kwetu sisi kazi ni ngumu zaidi kuliko mnavyoeleza ninyi wa mito. Mto wenu hauna kujaa wala kupwa. Hapa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hivyo gati uliloliteremkia maji yamejaa, baada ya muda wa saa sita utalikuta limesimama juu ya tope, na ngazi zake zina mwani unaoteleza kama sabuni. Mtu akitaka kuanzisha programu ya jamii katika hori ya Tudor au ya Mtwapa, itampasa apange ratiba kwa mwezi wa angani na si kwa kalenda ya ukutani: siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ndizo za wageni na za wenye viti vya magurudumu, na asubuhi mapema kabla upepo wa kusi haujaamka. Tena atahitaji zile mashua za baharini, pana na nzito, ambazo ya mtu mmoja haipungui kilo 35, si hizo nyembamba za mtoni.

MnyooshaViungo anajibu:

Shikamoo mzee wangu BahariaTudor. Hofu yako ni halali, na ndiyo hofu iliyoandika sheria zenyewe. Mkanda unaotumika si wa kufunga fundo wala wa kifungo cha chuma cha kutafuta kwa vidole. Ni wa kunata, na lazima ufunguke kwa mvuto mmoja wa mkono mmoja. Hata viatu vilivyogandishwa ndani ya mashua hufungwa visigino kwa kamba fupi, ili mguu ukitaka kutoka kisigino kizuiwe kupanda na mguu uchomoke wenyewe. Zoezi la kwanza kwa mtu yeyote anayefungwa mkanda ni kuufungua akiwa amefumba macho, gatini, kabla mashua haijaachiwa, tena kwa mkono wake wa kulia na wa kushoto. Asiyeweza kuufungua hafungwi. Katika kikundi chetu tulikuwa na kijana ambaye vidole vyake havikuweza, naye akapiga makasia msimu mzima bila mkanda, ameegemea kiti kirefu, katika mashua ya watu wawili pamoja na mtu wa kujitolea.

Kuhusu mto usio na maji kujaa na kupwa, hilo nalo lina historia yake. Mto Charles ulikuwa na maji ya bahari yakipanda na kushuka, matope yakibaki wazi, mpaka lilipojengwa bwawa la mlangoni mwake mwaka 1910 ndipo ukawa ziwa refu tulivu. Kwa hiyo hata sisi maji yetu yalitulizwa kwa mikono ya watu.

Mto_Athi (Minneapolis) anauliza:

Samahani kwa kuingilia. Ami yangu haoni kabisa, ana miaka 58. Je, naye anaweza?

MakasiaMawili anajibu:

Anaweza, tena pengine ndiye atakayejifunza upesi kuliko sisi wote, kwa kuwa wapigaji wote tunakwenda tusikokuona. Atakaa katika mashua ya watu wawili au zaidi yenye mshika usukani anayesema kila kitu kwa sauti, na mdundo wa mwenzake atausikia kwenye kishwara, yaani kishikio cha kasia, pale kasia linapogonga. Miaka 58 pia si kitu: mashindano ya dunia ya wakongwe huhesabu ukongwe kuanzia miaka 27, yakawagawa watu kwa makundi ya umri hadi kupita miaka 80. Na katika mbio za Head of the Charles, zilizoanza 1965 na ambazo hufanyika hapa mwezi wa Oktoba kwa umbali wa maili tatu, nimeshapitwa na wazee wa zaidi ya miaka 70, sikuona hata maji waliyoyatimua.

UmmuZuhura anarudi:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari badala ya shukrani tupu. Mzee BahariaTudor, mama amekusalimu, na alipoona umeandika bamvua na maji mafu alinitaka nimsomee mara mbili.

Nilipiga simu klabu nne nikiwa na swali la MakasiaMawili mkononi. Ya kwanza walisema tutaona mkifika. Ya pili walisema hawana vifaa vya kijana kama wangu, lakini mama wangempokea siku hiyohiyo, nami niliwaheshimu kwa kusema wazi. Ya tatu hawakurudisha simu. Ya nne, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza alinikatiza kabla sijamaliza, akaniuliza uzito wa mwanangu, upana wa kiti chake cha magurudumu, kama anaweza kujiinua kwa mikono kutoka sakafuni, na kama huogopa kuguswa na watu asiowajua. Hilo la mwisho hata mimi sikuwa nimelifikiria. Tulikwenda Jumamosi iliyofuata.

Kutoka kwenye kiti hadi kwenye mashua kulichukua dakika kumi na mbili, si sita, kwa maana mguu wa kushoto ulikakamaa alipoukalisha gatini na ikabidi tungoje ulegee. Hakuna aliyemharakisha. Alifungua mkanda akiwa amefumba macho mara nane, nne kila mkono, na mara ya tano alianza kujisifu. Kisha wakamsukuma, maboya yakiwa pembeni, motaboti ya kocha ikiwa nyuma yake mita chache, akapiga mipigo mitatu, kasia la kulia likazama kina kirefu mno, mashua ikageuka na kumwelekeza ukingoni kwenye matete. Nilisikia akicheka. Bibi yake, aliyekuwa gatini na koti la kujiokolea juu ya ushungi wake, alimpigia kelele kwa Kiswahili kwamba asichimbe maji, aliache kasia lielee lenyewe kimo chake, kisha avute. Kocha akaniuliza bibi amesema nini. Nilipomtafsiria, akasema kwamba hayo ndiyo maneno aliyokuwa anataka kuyasema.

Mama mwenyewe bado hajaingia kwenye mashua, kwa sababu majibu ya kipimo cha mifupa yatatoka wiki ijayo. Kwa sasa anapiga mashine, kwenye namba 3, dakika tano tano. Analalamika kwamba mashine haina kishwara na haina harufu, na kwamba kasia la kweli lazima livuje maji kiwikoni. Amekwisha kumuuliza kocha kile kifundo cheupe cha mpira kilicho ncha ya omo ni cha nini, akaambiwa ni cha kuzuia mashua isimchome mtu zinapogongana, akatikisa kichwa akasema kwamba Lamu omo huchorwa jicho, ili chombo kione chenyewe. Mwanangu ameomba rangi.